Kifaa cha Tisa Katika Nyumba ya Makanyagio

Siku niliyokabidhi vifaa vya ofisi nilirudisha ngazi, koleo ya kubania waya, kompyuta na funguo za stoo. Madaftari yangu sikurudisha. Mtunza stoo hakuyauliza, na mimi sikumkumbusha. Ndiyo ninayoyafungua sasa kwa ajili yenu mnaobaki kwenye kazi hii ya kuingia katika nyumba za watu na kuwagawia mtandao. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Nilianza na simu za waya, hapa hapa Mpanda, binti wa Kifipa aliyejua kupanda nguzo kuliko kusonga ugali. Aliyenifundisha ni Mzee Gaspar, mtu mfupi, mkimya, mwenye masikio makubwa. Simu za waya zilipokufa, yeye na mimi tulihamia kwenye kampuni ndogo ya mtandao, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge pale Kashaulili. Wateja wetu walikuwa majumbani: mstaafu mwenye wapangaji, mama mwenye watoto sita na simu saba, mfanyabiashara aliyetaka kamera ya getini.

Nyumba ya kwanza aliyonipeleka ilikuwa na malalamiko ya kawaida, kwamba mtandao unakatika. Nilifungua mkoba. Mzee Gaspar akanishika mkono.

"Usiguse kitu. Kaa."

Tulikaa saa nzima tukiangalia taa za kisanduku zikiwaka na kuzima. Mwenye nyumba alitupita mara mbili, akidhani tumelala.

"Nyumba ina pumzi yake, Leokadia," aliniambia tulipotoka. "Ukishaijua, siku ikikohoa utasikia."

Nilidhani ni maneno ya uzee. Baadaye na mimi nikawakalisha wenzangu hivyo hivyo, na wao wakadhani ni maneno ya uzee.

Kwa ambaye hajaanza kazi bado: faiawoli ni kisanduku kinachokaa mlangoni, kati ya nyumba na dunia. Watu hudhani kazi yake ni kuzuia wezi tu. Inawazuia, ndiyo. Lakini majumbani kazi yake kubwa ni ile ya mama anayepakua chakula cha watoto wengi: asitokee mmoja wa kumaliza sufuria.

Hili nilijifunza kwa mfugaji mmoja wa Kisukuma upande wa Magamba, Mzee Masanja, aliyekuwa na wake watatu katika nyumba tatu na mtandao mmoja. Aliniambia, "Gawa sawasawa, fundi. Kama ng'ombe." Nikagawa mafungu matatu, kila moja na mpaka wake. Wiki haijaisha, simu. Mke mkubwa alikuwa amesafiri na fungu lake limelala bure, huku nyumba ya tatu ikilia njaa. Mzee Gaspar akanirekebisha. Kila mmoja mpe kiasi asichoweza kunyang'anywa, akasema, kisha kinachobaki wakopeshane. Nilipomweleza Mzee Masanja alitikisa kichwa sana.

"Hiki kisanduku kinajua kuendesha mji kuliko mimi."

Jambo la pili, na hili mliandike. Njia ya kupandisha vitu mtandaoni ni nyembamba kuliko njia ya kushusha. Ikizibwa ile nyembamba, hata ile pana haifanyi kazi, na nyumba nzima inaona mtandao umekufa. Kwa hiyo weka kikomo chako chini kidogo ya kile ambacho kampuni inatoa. Foleni ikikaa kwenye kisanduku chako, unaweza kumwambia mgonjwa apite mbele. Ikikaa kule kwa kampuni, mgonjwa na muuza karanga watasubiri pamoja.

Sasa nije kwenye nyumba ya Makanyagio, ambayo wengi wenu mmeisikia kwa maneno ya watu.

Ilikuwa nyumba ya Mwalimu Fidelis, mwalimu mstaafu wa hesabu. Nilimfungia mtandao mwenyewe. Alinikalisha mezani akanitajia kila kifaa cha nyumba kana kwamba anaita mahudhurio, na mimi nikaandika daftarini jina la kifaa na namba yake, ile namba ya tarakimu na herufi kumi na mbili ambayo kifaa huzaliwa nayo. Vilikuwa tisa. Cha mwisho ni simu yake.

"Niandikeje?" nilimuuliza.

"Andika Mwalimu. Inatosha."

Alifariki masika yaliyofuata, kwa ugonjwa wa moyo. Msibani nilikwenda. Alizikwa kwenye shamba la ukoo, Magamba, na kwa kuwa alisema mwenyewe alipokuwa anaumwa, waliweka ndani ya jeneza miwani yake na simu yake. Padri hakulipenda jambo hilo, ila hakulikataza.

Kiangazi cha mwaka uliofuata binti yake, Oliva, alinipigia. Alikuwa amerudi kukaa na mama yake, na kazi yake ilikuwa kufundisha Kiswahili kwa wageni walioko nje, kwa video, kila siku kuanzia saa tisa alasiri.

"Mama fundi, kila nikianza darasa mtandao unakufa. Wanafunzi wanabaki wameganda, midomo wazi. Wawili wameshaniacha."

Nilifika saa nane. Jua lilikuwa kali, mabati yakilia juu yetu moja moja, na upepo ule wa kiangazi ulikuwa ukifagia vumbi jekundu kutoka barabarani hadi chini ya mlango. Sebuleni tulikaa mimi, Oliva, na baba yake mkubwa, Mzee Desderi, kaka wa marehemu, aliyekuwa amekuja kutoka shamba. Mama Oliva alinisalimia, akaniuliza hali ya watoto, akaenda zake uani. Nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye faiawoli, nikakaa kama nilivyofundishwa. Vifaa vinane, vya Oliva vikiwemo, maana viwili vya zamani vilishakufa. Pumzi ya nyumba ilikuwa nzuri.

Saa tisa na dakika chache mstari mmoja uliongezeka kwenye orodha. Ukaanza kupandisha, ukaijaza ile njia nyembamba yote, ukakaa hapo.

Jina lake lilikuwa Mwalimu.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Fundi anapoona jambo asilolielewa hunyamaza kwanza. Mimi nilisema kwa sauti, "Simu ya Mwalimu imeingia."

"Simu gani?" Oliva aliuliza.

"Ya baba yako."

Alinitazama kama nimemtukana. "Baba tulimzika nayo. Niliiweka mimi, kwa mkono wangu huu."

Ningeweza bado kurudi nyuma. Ningesema ni hitilafu. Badala yake nilifungua daftari, nikatafuta ukurasa, nikaanza kulinganisha namba mbili mbili, kwa sauti, kama mwanafunzi mbele ya darasa. Zote kumi na mbili zilikuwa zilezile. Nilipomaliza, Mzee Desderi alikuwa amesimama na amevua kofia.

Nilifanya kile ambacho fundi angefanya. Niliibana ile simu, nikaiachia njia ya tundu la sindano. Darasa la Oliva likarudi palepale, picha safi kabisa. Hakuna aliyefurahi.

Kesho yake Oliva alinipigia. Kumbukumbu za faiawoli zilionyesha kwamba awali simu ile ilikuwa ikikaa nusu saa na kuondoka. Baada ya kuibana, ilikuwa imekaa mpaka jua linazama. Siku ya pili iliingia saa sita mchana. Siku ya tatu iliingia asubuhi wakati wanakunywa chai. Nilimwekea Oliva ukurasa wa kuangalia kwenye simu yake, nikajuta, maana alikuwa hafanyi kitu kingine. Ilikuwa kama mtu aliyefungiwa mlango, naye akaamua kuketi kizingitini. Mimi mwenyewe nikiwa ofisini, katikati ya kelele za soko, nilikuwa nikifungua faiawoli ile kwa mbali, nakuta jina lile limekaa, halipiti wala haliondoki, na mgongo wangu unapata baridi kwenye joto la Mpanda.

Siku ya nne Oliva aliacha kuingia chumbani kwake. Akafunga begi. Alikuwa anakwenda kukaa kwa shangazi yake Sumbawanga, na mama yake angebaki peke yake kwenye nyumba ile. Kisha alinipigia Mzee Desderi.

"Fundi, nimeongea na watu wa ukoo. Jumamosi tunafukua. Tutazame kama simu ipo."

"Baba, tusubiri kidogo. Nirudi tena niangalie."

"Wewe ndiye uliyesoma zile namba. Hata sisi tusiojua kompyuta tulisikia. Na Jumamosi utakuwepo."

Sikulala vizuri, na sikuwa na Mzee Gaspar wa kumuuliza. Alishastaafu na kurudi kwao Namanyere, na masikio yale makubwa yalikuwa hayasikii tena simu. Nikakumbuka kitu kimoja ambacho sikuwa nimekifanya: nilikuwa nimeuliza simu hiyo ni ya nani, sikuuliza iko wapi.

Ijumaa nilirudi. Nyumba ile ilikuwa na vifaa viwili vya kurusha mawimbi, kimoja korido ya nyuma na kimoja sebuleni. Kila kimoja huandika nguvu ya mawimbi ya simu inayoshika kwake, kwa hesabu ya kinyumenyume: tisini ni mbali kabisa, thelathini unaweza kuigusa. Nilikaa na Oliva sebuleni, begi lake likiwa mlangoni. Alikuwa amejifunika khanga usoni, amebakiza sikio.

Jina liliingia. Korido ya nyuma. Sabini na nane.

"Imekuja?" aliuliza.

"Imekuja."

Kwa muda ilitulia pale. Kisha ikaanza kupungua. Sabini. Sitini na sita. Ikaacha kifaa cha korido ikashika cha sebuleni. Hamsini na saba. Niliinua macho nikatazama pazia la mlango wa korido. Hapakuwa na sauti ya hatua, mlango haukulia. Bati moja lililia juu na Oliva akanishika mkono kwa kucha.

"Iko wapi, mama?"

Arobaini na nane. Arobaini na moja. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na nimeshapigwa na umeme mara mbili, lakini sijawahi kutaka kukimbia na kuacha kompyuta ya ofisi isipokuwa siku ile.

Pazia lilisogea. Mama Oliva aliingia peku, polepole kama anavyotembea siku zote, amebeba bakuli la karanga za kuchemsha. Akaliweka mezani mbele yangu. Thelathini na tatu.

"Karibu karanga, mdogo wangu."

Nilimtazama. Kiunoni, pale alipokunja khanga, palikuwa na umbo la pembe nne. Aliona ninapotazama. Aligeuka akarudi alikotoka, na namba ikamfuata: arobaini na tano, hamsini na tisa, sabini.

Oliva alishusha pumzi chini ya khanga. "Mama amenishtua," alisema.

"Nakwenda kuangalia waya wa nyuma," nilimwambia.

Nilimkuta stoo, ameketi juu ya gunia la mahindi, simu mapajani. Nilikaa kwenye gunia la pili. Hatukuangaliana.

"Wakati wa kumuaga waliniacha naye peke yangu kidogo," alisema. "Nikaitoa. Nikamwekea rozari yangu badala yake. Udongo una simu za kazi gani?"

"Unafanya nini nayo, dada?"

"Naongea naye. Alinifundisha, unabonyeza hapa penye chekundu, inakuonyesha sura yako, unaongea. Oliva akiingia darasani mimi nakuja huku. Namweleza siku ilivyokuwa. Nikimaliza naona kamshale kanapanda juu. Nikajua habari zinamfika."

Simu ilikuwa inafanya alivyoipanga marehemu: kila video inayorekodiwa inapandishwa kwenye hifadhi yake mtandaoni. Vipande vya video, kimoja baada ya kingine kwa nusu saa, kila siku. Ndiyo iliyokuwa inaziba njia.

"Wiki hii hakapandi," aliendelea. "Kanazunguka tu. Nikasema amenikasirikia. Nimemkosea nini? Nikawa namwachia muda mrefu, nawasha tangu asubuhi, labda atapokea."

"Siyo yeye," nilisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyemfungia."

Nilimweleza yote: njia nyembamba, darasa, tundu la sindano. Alisikiliza kwa makini ya mtu aliyeishi na mwalimu. Alipoelewa, hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko lawama.

"Basi fungua. Na Oliva usimwambie."

"Dada, kesho wanafukua kaburi."

Hakuwa anajua. Walikuwa wamemficha ili wasimtie hofu. Hakujua pia kwamba begi la Oliva lilikuwa limefungwa. Yeye aliambiwa ni safari ya kusalimia. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa anamhurumia mwenzake kwa kumficha.

"Wakifukua hawataikuta simu," nilimwambia. "Watasema ametoka nayo. Na maneno hayo hayatarudi kaburini."

Akairudisha simu kiunoni, akaniambia nimpigie shemeji yake.

Mzee Desderi alifika kwa bodaboda, vumbi la Magamba mpaka kwenye nyusi. Mama Oliva alisimama katikati ya sebule, akafungua khanga, akaiweka simu mezani karibu na karanga.

"Shemeji, mnayoitafuta ni hii. Mume wangu mwacheni alale."

Mzee Desderi aliitazama muda mrefu bila kuigusa. "Majembe yameshanolewa," alisema mwishowe, kama mtu anayetafuta la kusema. Halafu akaketi, akafuta uso kwa kofia, na nilipotazama tena mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Oliva alikuwa na hasira. "Mama! Naogopa hata kuingia chumbani kwangu! Nimefunga begi! Nilikuwa nakuacha, unajua? Nilikuwa nakuacha humu peke yako!"

"Sikujua, mwanangu."

"Kwa nini usiseme?"

"Ningesemaje? Kwamba naongea na maiti?"

Oliva aliinua simu. Aliigeuza, akapangusa kioo kwa kidole gumba. "Unamwambia nini?" aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mambo ya nyumbani. Kwamba mbuzi amezaa. Kwamba upepo umeng'oa bati la jiko. Kwamba binti yako anafundisha Wazungu, na hawajui ngeli hata moja."

Oliva alicheka na kulia kwa pamoja, na sisi wengine tukapata ruhusa ya kupumua.

Kabla ya kuondoka niliandika kanuni mpya kwenye faiawoli. Darasa la Oliva lipite mbele. Simu ya Mwalimu ipewe fungu lake dogo lisilonyang'anywa, na darasa likiisha ichukue kinachobaki. Katika taarifa ya kazi niliandika: "Kifaa cha tisa kinajulikana. Kimepewa fungu lake." Bosi alisaini bila kusoma, kama kawaida yake.

Hapo ningemaliza, na ofisini ndipo nilipokuwa namalizia kila nikisimulia. Lakini siku zote nimewaambia muandike mnachokiona, basi na mimi niandike.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu nilizunguka kwa wateja wa zamani kuwaaga. Makanyagio nilifika saa kumi, darasa limekwisha. Sasa mama na binti walikuwa wanakaa pamoja mezani na kurekodi pamoja. Walikuwa ndio kwanza wamemaliza. Simu ilikuwa imelala kifudifudi katikati yao. Kwa mazoea nilifungua kompyuta, nikaangalia michoro ya kifaa cha tisa. Kupandisha kulikuwa kama ninavyokujua. Nikatazama na mchoro wa kushusha, ambao miaka yote sikuwa nimeutazama, kwa kuwa haukuwa umemsumbua mtu. Kila siku, video ikishapanda, kuna kitu kinashuka. Siku ambayo kilichopanda ni kirefu, kinachoshuka ni kirefu. Siku ya maneno machache, kinashuka kidogo.

"Mnatazama video zake za zamani?" niliuliza.

"Hapana," Oliva alisema. "Hatugusi kitu. Tunaiweka tu pale."

"Inawezekana ni programu zinajisasisha. Au hifadhi inahakiki ilichopokea."

"Nilifikiri hivyo wiki ya kwanza," alisema, akamtazama mama yake.

"Tunasubiri imalize," alisema Mama Oliva. "Ndipo tunazima."

Nywila nilikuwa nayo. Kwa kubonyeza mara mbili ningejua kinatoka wapi na kinakwenda kwenye programu gani. Ni kazi ya dakika moja, na mngenilaumu kwa haki kwamba sikuifanya. Kidole kilikuwa tayari. Mchoro ulikuwa bado unakwenda. Wale wawili walikuwa wamekaa wima, mikono mapajani, wakiitazama simu kama watu wanaosikiliza mgeni asiyependa kukatizwa.

Nilifunga kompyuta taratibu, ili isitoe sauti, na mimi nikasubiri pamoja nao.